Trenchi au koti la sufu kwa vuli ya London?
Kila Oktoba ubishi ni uleule, na jukwaa la mitindo halisaidii, maana yote mawili hayachoki kurudi. Trenchi, yaani koti refu la mvua lenye mkanda, la asili hushonwa kwa gabadini, kitambaa alichobuni Thomas Burberry mwaka 1879. Kwa manyunyu halina mpinzani: unalikung'uta mlangoni Tate Modern, unaingia kutazama picha ukiwa mkavu. Ila ukitoka jioni, upepo wa Mto Thames utakutafuta mbavuni. Bila sweta ndani utajuta.

Hapo sufu ndiyo yenyewe. Lile koti la rangi ya ngamia la Max Mara, kampuni ya mitindo ya Italia, modeli namba 101801, lipo tangu 1981 na bado linatamaniwa. Bei? Tusiumizane. La mtumba linatosha, mradi usome lebo ya ndani kwanza. Kazi ipo kwenye matunzo: si la kutumbukiza kwenye mashine, likilowa linanuka kondoo, na nondo wakilifikia kabatini wanaliacha kama chujio.

Anayekimbizana na mabasi kwenye mvua achukue trenchi. Anayetetemeka tangu Septemba, kama mimi, sufu, na mwavuli mkononi.