Uzoefu wangu na vyombo vya kudhibiti masasisho ya Windows na Office kazini: nyota 4 kati ya 5

Natoa nyota 4. Ile ya tano nimeibana makusudi na sababu nitazieleza huko chini. Ninachopima hapa ni vile vyombo vya kuamua sasisho liingie lini na lianzie kwa nani: sera (mipangilio inayowekwa na msimamizi) za Windows Update for Business kwa upande wa mfumo endeshi, na chaneli za masasisho, yaani ratiba za kuyapokea, kwa upande wa Word, Excel na Outlook. Mimi ndiye mtu wa Tehama ofisini kwetu, yaani ndiye anayepigiwa simu kompyuta ikijiwasha upya mtu akiwa katikati ya kikao.

Kabla yangu alikuwapo fundi wa kuja na kuondoka. Kwa kila lalamiko dawa yake ilikuwa ile ile: anaingia kwenye huduma za mfumo, anaizima Windows Update, anaaga. Watu walimpenda sana, maana zile apdeti hawakuziona tena. Nilipokabidhiwa kazi nikakuta mashine zimepitwa na viraka vya usalama vya miezi chungu nzima. Asiyeona tatizo hapo na akumbuke WannaCry. Kirusi kile kililipuka duniani tarehe 12 Mei 2017, ilhali kiraka cha kuziba tundu kilimopitia Microsoft ilikuwa imekitoa tangu tarehe 14 Machi. Kwa hiyo kuzima kabisa sikukufikiria hata kidogo. Kazi ilikuwa kusasisha bila kumkwamisha mtu.

Cha kwanza ni kuijua kalenda. Viraka vya usalama vya Windows hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu ulioanza mwaka 2003. Sera zinakuruhusu kuahirisha viraka hivi vya mwezi hadi siku 30, na yale matoleo makubwa yanayobadilisha sura ya mfumo hadi siku 365. Kompyuta nimezigawa makundi matatu. Yangu na za wenzangu wachache wasio na presha hupokea siku ile ile, ili kikiharibika kitu kituharibikie sisi kwanza. Sehemu kubwa ya ofisi husubiri siku 4. Uhasibu husubiri siku 7.

Kuhusu uhasibu, ushauri utakaoupata kwa wengi ni kwamba wapewe muda mrefu sana, wiki 2 au zaidi. Sikubaliani nao. Piga hesabu: Jumanne ya pili huangukia kati ya tarehe 8 na 14. Ongeza siku 14, unatua kati ya tarehe 22 na 28, yaani pale pale mishahara inapoandaliwa na hakuna anayetaka hata kusikia sauti ya fundi. Ukiongeza siku 7 unatua kati ya tarehe 15 na 21, katikati ya mwezi, shughuli zimetulia. Siku za kuahirisha zipangwe kwa kutazama ratiba ya kazi ya idara. Woga peke yake si kipimo.

Kinachofuata ni kuwasha upya, na hapa ndipo ugomvi wote ulipo. Mtu akipewa nafasi ya kusema "baadaye", atasema baadaye mpaka mwaka uishe. Sera ya tarehe ya mwisho imenisaidia kuliko zote: sasisho likishafika, mtumiaji ana siku kadhaa za kuchagua saa inayomfaa, kisha kuna siku za nyongeza, na zikiisha mashine inajiwasha upya yenyewe. Wengi huamini kwamba mpangilio wa saa za kazi, zile ambazo Windows haijiwashi upya yenyewe, utawaokoa. Mpangilio huo unakwenda hadi saa 18 kwa siku, ni kweli, lakini tarehe ya mwisho ikipita na siku za nyongeza zikiisha, saa za kazi haziheshimiwi tena. Ninawaambia wazi: chagua saa mwenyewe, ama mashine ikuchagulie. Tangu walielewe hilo, wengi huwasha upya wakati wa chakula cha mchana bila kusukumwa.

Kama intaneti yenu ni ya kusuasua, acheni Delivery Optimization ifanye kazi. Kompyuta moja ikishapakua vipande vya sasisho, za jirani kwenye mtandao wa ndani huvichukua kwake badala ya kila moja kutoka nje kivyake. Sina la kuongeza, inafanya kazi.

Sasa Office, ambako watu huchanganya mambo. Sasisho la Excel au Outlook halihitaji kuwasha kompyuta upya. Hujipakua kimya kimya na kungoja programu zifungwe. Yule anayeacha Outlook wazi tangu Jumatatu hadi Jumatatu nyingine ndiye hubaki nyuma, halafu siku ya mwisho ikimfikia programu hufungwa mbele yake naye anashangaa kaonewa. Halafu kuna chaneli. Current Channel hukupa kipya mara tu kikiwa tayari, bila siku maalumu. Monthly Enterprise hukusanya mambo na kuyaleta mara 1 kwa mwezi, Jumanne ile ile ya pili. Ipo na Semi-Annual Enterprise, ambayo vipengele vipya huja Januari na Julai huku viraka vya usalama vikiendelea kila mwezi.

Tofauti hii niliiona kwa macho siku mhasibu wetu aliponiita. "Kaka, hebu njoo. Kichupo changu cha mishahara kimekwenda wapi?" Nikaenda. Excel imefunguka salama, vichupo vyake vya kawaida vyote vipo juu, ila pale mwishoni, mahali pa kile cha programu-jalizi ya mishahara (programu ndogo inayoongezwa ndani ya Excel), patupu. Excel ilikuwa imesasishwa usiku na programu-jalizi imegoma kupakia. Walioitengeneza, ambao sitawataja, wakajibu kwamba toleo la kuendana na Excel hiyo bado linaandaliwa. Mishahara haingojei majibu ya namna hiyo. Kwenye sera za Office kuna mahali pa kuandika namba ya toleo unalolitaka; nikaweka la nyuma, Office ikajirudisha, tukafunga Excel na kuifungua tena, kichupo kikawa pale. Mama wa watu akanitazama. "Basi usiiguse tena."

Kutoigusa kabisa haiwezekani, lakini idara ile niliihamishia Monthly Enterprise wiki hiyo hiyo. Kompyuta zake zilikuwa Current Channel kwa sababu tu hakuna aliyewahi kuchagua. Mashine yangu nimeiacha Current Channel ili nione mapema kinachokuja, nayo ile programu-jalizi nimeisakinisha kwangu kwa ajili hiyo tu, ingawa mishahara ya watu hainihusu.

Haya, nyota ya tano imekwenda wapi? Kwanza, ripoti. Kompyuta hutuma taarifa zake mara 1 kwa siku, kwa hiyo ukitaka kujua sasa hivi nani amesasishwa na nani bado, unatazama picha ya jana. Ni rahisi zaidi kuinuka na kwenda kuangalia. Pili, majina. Chaneli zilibadilishwa majina mwaka 2020, na maelekezo ya zamani bado yamejaa mtandaoni. Ile iliyoitwa Monthly Channel ndiyo Current Channel ya leo, na haina undugu na Monthly Enterprise. Ukifuata maelekezo ya kale unaweza kuwaweka wahasibu kwenye chaneli ile ile unayoikimbia.

Tatu, na hii ndiyo nzito: makundi haya yanalinda dhidi ya masasisho ya Windows na Office tu. Tarehe 19 Julai 2024 mashine za Windows zinazokadiriwa kufikia milioni 8.5 zilianguka duniani kwa sababu ya faili lenye kasoro kutoka CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Hata wateja waliokuwa wamepanga kubaki toleo moja nyuma la programu ile walipigwa, kwani faili la aina ile lilisukumwa kwa wote kwa pamoja. Ukishapanga makundi yako vizuri, kaa na mwuzaji wa kinga-virusi yako umwulize masasisho yake yanaingiaje na kama nayo unaweza kuyapanga kwa zamu.

Kwa ofisi ndogo isiyo na seva: sera hizi zipo kwenye Windows Pro na kupanda juu, Home haina. Kwenye Pro unaandika gpedit.msc (kihariri cha sera hizo) kwenye kisanduku cha kutafutia na kupanga mashine moja moja, kazi ya kuchosha lakini ya mara moja. Kwa Office tazama kwanza leseni yako. Toleo la Microsoft 365 Apps la biashara ndogo halisomi sera za Group Policy, yaani hizi zinazopangwa kwa gpedit, kwa hiyo chaneli utaichagua kwa Office Deployment Tool, chombo cha Microsoft cha kusakinishia Office, wakati wa kusakinisha. Na kama mnatumia programu-jalizi yoyote ya hesabu, waulizeni wenyewe wanaijaribu kwenye chaneli ipi kabla hamjachagua ya kwenu.