Mvinyo wa Bordeaux ungali pipani: upi ununue, upi uache

Watu wa Kagera wanaijua butura. Mkulima amebanwa na ada za shule, kahawa bado ni ua, anatokea mtu na fedha mkononi anainunua ikiwa mtini kwa bei ya kutupa. Bordeaux, kule Ufaransa, nako wana butura yao, ila imegeuzwa miguu juu: aliyebanwa si mkulima. Mwenye shamba ana jumba la minara na bustani ya maua, na wewe mnunuzi ndiye unayempelekea fedha miaka miwili kabla hujaiona chupa. Wenyewe wanaita *en primeur*.

Mambo huenda hivi. Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Ikifika Aprili ya mwaka unaofuata mvinyo umelala kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225, kila pipa ni chupa 300, na wafanyabiashara na waandishi wa mvinyo wanamiminika Bordeaux kuonja sampuli. Mei na Juni mashamba yanatangaza bei, moja baada ya jingine, kila mmoja akimchungulia jirani. Shamba halikuuzii wewe. Linauza kwa wafanyabiashara wa jumla wa pale mjini kupitia dalali anayechukua asilimia 2. Wa jumla wanauzia maduka ya London, Brussels au Hong Kong. Na duka ndilo linalokuandikia ankara. Baada ya hapo unasubiri.

Zamani kusubiri kulilipa. Waliochukua mavuno ya 1982 mapema, baada ya mwandishi wa mvinyo Mmarekani, Robert Parker, kuyasifu wakati wengine wanasitasita, walicheka miaka mingi. Ila wenye mashamba nao si wajinga. Mavuno ya 2010 yalitolewa kwa bei ya juu kweli, soko la China likapoa, waliokuwa wameshikilia mvinyo wa shamba kubwa la Lafite wakabaki wanashikilia hasara. Mavuno ya 2022 nayo yalikuwa mazuri sana, bei ikapanda, na mengi yake baadaye yalipatikana kwa bei ya chini ya ile ya mwanzo. Château Latour, shamba jingine kubwa, yenyewe ilijitoa kwenye mtindo huu mwaka 2012. Sasa inatoa mvinyo pale inapoona umeiva.

Kwa hiyo ukiniambia unanunua ili uuze kwa faida, sina la kukushauri. Mimi hupanga machaguo yangu kwa swali moja tu: nikingoja hadi chupa ziwe rafuni, nitaupata huu, na kwa bei gani?

Kwanza: chupa za ukubwa usio wa kawaida. Hapa ndipo kununua mapema kunaponipa kitu ambacho duka haliwezi kunipa. Mvinyo bado uko pipani, kwa hiyo unaweza kuomba ujazwe kwenye magnum ya lita moja na nusu, au nusu chupa ya mililita 375, au chupa ya lita 6 kama una ndugu wengi. Ukingoja, magnum zinakuwa za kutafuta kwa tochi. Magnum huiva polepole kuliko chupa ya kawaida, na ndiyo maana watu huwanunulia watoto za mwaka waliozaliwa. Mpwa wangu ni wa 2019. Nilimchukulia magnum tatu, na kwa bahati yale ndiyo mavuno ambayo bei zake zilitangazwa katikati ya korona, wenye mashamba wakiwa na hofu, mengi yakashusha bei sana ilhali mvinyo wenyewe ni wa hali ya juu. Mtoto hajui ana bahati gani.

Pili: mashamba ya kati yenye adabu ya bei. Léoville Barton ya Saint-Julien na Grand-Puy-Lacoste ya Pauillac ndiyo ninayoitazama kwanza kila mwaka. Ni mivinyo ya kweli ya zabibu za Cabernet Sauvignon: ukiionja changa ina ukakasi kama bibo lisiloiva, ulimi unakauka, unajiuliza umelipia nini. Ipe miaka 12 au 15. Hapa usitawaliwe na ngazi za 1855, ile orodha rasmi iliyoyagawa mashamba makubwa kwa ngazi tano. Lynch-Bages iko ngazi ya tano na inauzwa ghali kuliko baadhi ya wale wa ngazi ya pili. Palmer iko ya tatu na bei yake inawaacha mbali wengi wa ngazi ya pili. Ngazi zile zilipangwa kwa bei za enzi hizo, na tangu hapo badiliko kubwa ni moja, Mouton Rothschild kupandishwa daraja mwaka 1973.

Lakini kabla ya kulipa fanya hesabu hii: tafuta bei ya mvinyo uleule wa mwaka mwingine mzuri, 2016 kwa mfano, ambao tayari uko kwenye chupa. Kama mchanga unauzwa sawa na uliokwisha kukua, chukua uliokua. Mara nyingi hesabu inaishia hapo.

Tatu: mashamba madogomadogo ya Pomerol, eneo jingine la Bordeaux. Huko ng'ambo ya mto anatawala Merlot, zabibu yenye mvinyo laini zaidi, na mashamba ni madogo: Petrus hekta 11 na kidogo, Le Pin hazifiki 3. Hizo mbili si zetu. Ila hata majirani zao wasiovuma wana chupa chache, na zikiisha zimeisha. Kama kuna shamba moja la huko unalolipenda kweli, nunua mapema.

Baada ya hapo ndipo ninapoanza kushika mfuko. Mivinyo ya pili ya mashamba makubwa, yaani ile ya chini ya mvinyo mkuu wa shamba lilelile, kama Carruades de Lafite, unalipia jina la kaka mkubwa. Mivinyo mizuri ya bei ya chini ya Médoc, Chasse-Spleen au Poujeaux, naipenda na ninainywa, lakini miaka miwili baadaye utaikuta dukani kwa bei ileile au pungufu. Umkopeshe mwenye jumba kwa nini? Na wakubwa wa ngazi ya kwanza ndio wa mwisho kabisa kwenye orodha yangu. Ukinunua Mouton mapema unanunua chupa ambayo hata mchoro wa lebo yake hujauona.

Sasa kuhusu duka, na hili lina uzito kuliko jina la shamba. Kasha langu la kwanza nilinunua kwa duka moja la London lisilo na umri mrefu, kwa sababu lilikuwa chini ya wenzake kwa pauni 20. Nilipewa karatasi nzuri yenye picha ya shamba. Miezi 14 baadaye simu haipokelewi. Msimamizi wa ufilisi akaniuliza namba ya kasha ghalani. Sina, kwa sababu kasha halikuwahi kuagizwa. Nikawekwa kwenye foleni ya wadai, nyuma ya mwenye nyumba na benki. Tangu hapo nauliza mambo matatu: mmefanya biashara hii miaka mingapi, mtalilipa lini lile duka la jumla la Bordeaux, na mvinyo ukifika utaandikwa kwa jina langu ghalani? Anayejibu kwa kuzungukazunguka namuaga.

Bei utakayotangaziwa haina kodi. Mvinyo hukaa ghala la forodha, na siku ya kuutoa ndipo unapolipa ushuru na VAT: Uingereza asilimia 20, Tanzania 18, Kenya 16, pamoja na ushuru wa kila nchi. Ghala nalo lina ada ya mwaka kwa kila kasha. Zidisha kwa miaka 10 kabla hujafurahia punguzo.

Na usiharakishe kuuleta nyumbani. Mvinyo wa kukaa unataka nyuzi 12 hadi 14, giza na utulivu. Dar ya Februari haijui hata kimoja. Mimi huuacha Ulaya na kusafiri na chupa mbili mbili. Moja niliileta Tanga Desemba, mama akaiweka juu ya kabati karibu na jiko, pazuri paonekane na wageni. Krismasi ilipofika kizibo kilikuwa kimejisukuma juu na mvinyo umechuruzika hadi kwenye kitambaa. Tukanywa wa Dodoma.