Kabla hujalipia programu ya kukusomea makala, soma hii kwanza

Siku hizi mi nasikiliza kuliko ninavyosoma, macho yamechoka na skrini, so makala ndefu naiwekea sauti huku naosha vyombo. Nimejaribu nyingi na kosa langu la kwanza lilikuwa kunogewa na sauti ya Kiingereza, kumbe ukiiwekea Kiswahili inaongea kama mtalii kashuka jana. We ipe sentensi hii: "Ng'ombe wamevuka barabara, nimeelewa barabara." Ikitamka ng' vizuri ina nafuu, na ikitofautisha hizo barabara mbili basi hiyo ishikilie maana hapo nyingi zinateleza.

Namba moja kwangu ni Microsoft Edge, kivinjari cha kufungulia tovuti, na ni bure. Kwenye kompyuta unabonyeza Ctrl+Shift+U inaanza kusoma, halafu ina sauti za Kiswahili kabisa, Zuri na Rafiki za Kenya, Rehema na Daudi za Tanzania. Mi niko na Rehema, anavuta pumzi kwenye mkato kama mtu. Ubaya wake sauti hizo zinataka intaneti, mtandao ukikata naye ananyamaza katikati ya neno.

Ya pili, kama una Android usinunue kitu kwanza, injini ya sauti ya Google ina Kiswahili, nenda mipangilio ya maandishi kuwa sauti ushushe data ya sauti yake, ikishaingia inasoma hata bila bando. Haina utamu wa Rehema ila haikuachi njiani.

Firefox, kivinjari kingine, naiweka ya tatu: ukifungua mwonekano wa kusoma, matangazo na menyu zote zinapotea ndo inasoma, hutasikia "bofya hapa" mara kumi. Ila inatumia sauti zilizomo kwenye mashine yako, kama hamna ya Kiswahili ndo basi.

Za kulipia kama Speechify ni nzuri kwa anayesoma Kiingereza kutwa nzima, zinapiga picha kitabu na kukisoma. Ila angalia majaribio ya bure, kuna moja nilijiunga nikasahau kufuta, kadi ikakatwa mwaka mzima na sikuwa nimeifungua hata mara tatu.

eSpeak NG ya mwisho. Bure, nyepesi, Kiswahili inayo, lakini sauti ni roboti mwenye mafua. Wasioona walioizoea wanaikimbiza spidi ambayo mi sishiki hata neno.