Ngiri mbili, ganzi mbili

Mi nishapasuliwa ngiri ya kinena mara mbili, kulia kisha kushoto, na zote nilirudi nyumbani siku hiyohiyo. Ya kwanza nilichomwa sindano ya mgongo. Maumivu sifuri kwa kweli, ila miguu ilikufa ganzi masaa kama manne hivi na mkojo ukagoma kabisa, nesi akafungulia bomba pembeni eti nisikie maji yakitiririka, wapi! mwisho wakaniwekea mpira wa mkojo ndo nikaruhusiwa jioni.

Ya pili nikaomba ganzi ya palepale panapopasuliwa, dawa yenyewe lignokeini. Zile sindano za mwanzo zinaunguza kama siafu, na daktari akivuta nyama huko ndani unasikia kabisa unavutwa, haiumi ila inakera, na uko macho, stori zao zote unazisikia. Lakini baada ya saa moja nishakojoa, nimesimama, natafuta viatu vyangu.

Nusu kaputi sijaijaribu. Ukifanyiwa kwa kamera, ile ya vitundu vidogo, kwa kawaida ndo utapewa hiyo, kichefuchefu na koo kukwaruza vikikupata usishangae.

Ganzi ya palepale naipa nyota nne, moja nimeikata kwa zile sindano.