Kulea timu ya sita kwa usawa ndani ya Pokémon HeartGold: uzoefu wangu

Wanaoisifia Pokémon HeartGold, gemu ya kukamata viumbe na kuwapiganisha, huanza na muziki, picha, na yule Pokémon anayekufuata nyuma kila uendako. Sina ugomvi na hayo. Mimi nataka kuzungumzia jambo moja ambalo halipewi nafasi yake: gemu hii inamtendeaje mchezaji asiyetaka kutembea na jitu moja lenye nguvu na wasindikizaji watano? Mimi ni wa kundi hilo. Nataka sita, wote wapigane, wote wafike mwisho wakiwa wamelingana. HeartGold haikatazi, ila haikusaidii hata kidogo, na ajabu ni kwamba hapo ndipo nilipoipendea.

Kwa wasioijua: ilitoka Japani Septemba 2009 pamoja na pacha wake SoulSilver, ikafika sehemu nyingine nyingi Machi 2010, na inachezwa kwenye Nintendo DS. Ni Gold na Silver za 1999 zilizotengenezwa upya. Hesabu yake ya uzoefu, yaani pointi zinazompandisha Pokémon levo, ni ya kizamani. Pointi za adui mmoja zinagawanywa sawa kwa kila aliyetia mguu uwanjani. Ukimtanguliza mdogo kisha ukamtoa ili mkubwa amalizie, kila mmoja anaondoka na nusu yake. Aliyekaa nje hapati kitu, aliyezimia naye hapati kitu. Zaidi ya hapo, gemu haiangalii mshindi ana levo gani: Pokémon wa levo 12 na wa levo 40 wakimpiga adui yuleyule, pointi ni zilezile. Mfumo wa kumwongezea aliye nyuma ulikuja na Black na White, 2010.

Ushauri unaosikika kila mahali ni huo wa kubadilishana: mtangulize mnyonge, mtoe, mwache mbabe afanye kazi. Unafanya kazi, ndiyo, lakini ni njia ya hasara. Kila mara unapobadilisha, nusu ya pointi inamwendea yule ambaye hukutaka akue, na pengo linapungua polepole mno. Nilichokiona kinafaa zaidi ni kupanga nani anapigana wapi, ili kila mmoja ashinde peke yake na kuondoka na pointi zote.

Chukua mwanzo wa safari. Mtu wa kwanza wa kumzuia ni yule uliyepewa na profesa. Cyndaquil, wa moto, ukimwachia nafasi ya mbele atameza kila kitu, na ukija kushtuka yuko levo 18 na wenzake wako 9. Kwa hiyo Sprout Tower, ambako watawa wamejaa Bellsprout wa aina ya mmea, ni zamu ya ndege Hoothoot au Pidgey, ingawa moto nao ungewamaliza. Bugsy, mmoja wa viongozi unaowapiga ili upate beji, kila mtu anamchoma kwa moto, kwa kuwa wadudu hawapatani na moto. Lakini Scyther wake wa levo 17 ni mdudu na ni ndege kwa pamoja, na jiwe linamwumiza mara nne. Geodude, wa aina ya jiwe na ardhi, hujifunza shambulio la jiwe la Rock Throw akifika levo 11. Mwachie yeye. Wavuvi wa Route 32 na samaki wao ni wa Mareep mwenye umeme, mmoja baada ya mwingine, huna haja ya kumtoa.

Hapo ndipo utaanza kuyasoma mapango na njia kwa jicho jingine. Badala ya kujiuliza nani atashinda, unajiuliza nani anahitaji ushindi huu. Kuna mitego pia. Maficho ya genge la Team Rocket kule Mahogany yanaonekana kama karamu ya Geodude, maana kila kona kuna Pokémon wa sumu, na sumu haina ubavu mbele ya ardhi. Sasa mpige Koffing kwa Magnitude, shambulio la ardhi, uone: shambulio linapita chini, yeye anaelea zake. Zubat naye anaruka. Geodude anabaki na mawe yake tu, tena kwa Zubat ndiyo yanafaa.

Suala la levo lenyewe linahitaji uangalifu, kwa sababu levo sawa si jasho sawa. Kila aina ya Pokémon ina kasi yake ya kukua. Togepi ni wa kundi la haraka: pointi 100,000 zinamfikisha levo 50. Gyarados ni wa kundi la taratibu, na levo hiyohiyo inamgharimu 156,250. Ukiwapa wote wawili pointi 100,000, mmoja atasimama levo 50 na mwingine 43, na hakuna aliyependelewa. Lapras, Larvitar, Dratini na Heracross wote wako upande wa Gyarados. Timu yenye watatu wa namna hiyo itakuchosha. Mimi siku hizi sizidishi wawili. Na siwadai walingane na wenzao kwa tarakimu. Nikiwa na timu ambayo wa juu na wa chini wamepishana levo tatu au nne, kwangu hiyo ni timu iliyonyooka.

Upande wa pili kuna Onix wa kubadilishana na Bellsprout kule Violet City. Pokémon aliyetoka kwa mtu mwingine hupata mara moja na nusu ya pointi za kawaida. Raha tupu kwa anayetaka nguvu za haraka, lakini kwa anayetafuta usawa huyu ni wa kumwangalia: ukigeuka kidogo tu amekwisha kuwaacha. Mimi humweka mwisho wa mstari na kumwita kwa kazi maalumu.

Exp. Share, kile kifaa ambacho wengi wanadhani ndicho dawa, inakuja kwa kuchelewa. Lazima kwanza ukutane na Gyarados mwekundu wa levo 30 pale Lake of Rage, upate gamba lake, ulipeleke kwa Mr. Pokémon, ndipo akupe. Anayeishika ni mmoja tu, na anachukua nusu ya pointi bila kupigana. Kwa timu iliyokwisha kulingana haina maana kubwa. Itamfanya huyo mmoja awe tatizo jipya. Thamani yake ni kwa aliyejiunga baadaye. Lapras wa Union Cave, anayepatikana Ijumaa peke yake, yuko levo 20, na kipindi hicho wenzake wanaweza kuwa wameshampita mbali. Mpe yeye aishike, akiwafikia mnyang'anye.

Ugumu halisi unaanza baada ya Morty, kiongozi wa nne. Gemu inakupa uhuru wa kuwakabili viongozi watatu kwa mpangilio unaoutaka: Poliwrath wa Chuck ana levo 31, Piloswine wa Pryce 34, Steelix wa Jasmine 35. Uhuru huo una gharama. Kwa kuwa watengenezaji hawajui utaanzia wapi, Pokémon wa porini wa maeneo yote hayo wamewekwa chini, na kwa muda mrefu unazunguka ukipata makombo. Mwenye Pokémon mmoja mkubwa hasikii kitu. Mwenye sita anasikia, kwa sababu makombo hayo yanagawanywa mafungu sita. Halafu ghafla Clair, kiongozi wa nane, anatoa Kingdra wa levo 41, na Lance, bingwa wa ligi, anakungoja na Dragonite wa levo 50.

Hebu tupige hesabu ya Victory Road, pango la kuelekea kwa Lance. Graveler wa porini wa levo 34 anatoa pointi 650. Noctowl (Hoothoot aliyekua) wa levo 40 anahitaji 4,921 apande levo moja. Yaani Graveler wanane. Zidisha kwa sita: karibu Graveler 50 ili timu nzima ipande levo moja tu. Anayesema hapo haoni uchovu anakudanganya.

Lakini timu iliyolingana ndiyo niliyoiamini mbele ya Lance. Ana Dragonite watatu, Gyarados, Charizard na Aerodactyl. Typhlosion (Cyndaquil aliyekua) mmoja wa levo 55 hana jibu kwa Pokémon wale. Moto wake unagonga ukuta kwa wote. Ampharos (Mareep aliyekua) anammaliza Gyarados kwa pigo moja la umeme, Golem (Geodude aliyekua) anawasubiri Charizard na Aerodactyl kwa mawe, Lapras na barafu yake anawakabili Dragonite. Wote wako chini ya levo za Lance, na bado kila mmoja ana mtu wake. Pambano lile ndilo bora kuliko yote niliyoyacheza kwenye Pokémon, na kwa timu ya mbabe mmoja lingekuwa suala la dawa za kujaza damu tu.

Pokéwalker, kile kikasha cha kuhesabu hatua kilichouzwa pamoja na gemu, ni msaada mdogo lakini wa kweli: hatua moja, pointi moja, na kila safari haizidi levo moja. Kwa wale wa levo ya chini kinafaa sana. Akishafika 40 utatembea hatua kama 5,000 kwa levo hiyo moja. Kituo cha kulea Pokémon cha Route 34 nacho kinatoa pointi moja kwa hatua, bila kikomo cha levo, ila sikipendi: kinamfundisha mashambulizi mapya bila kukuuliza, na yale uliyoyahifadhi yanafutwa.

Kuhusu zile effort values, pointi zilizofichwa zinazoongeza nguvu za Pokémon, sitasema mengi. Kila Pokémon ana nafasi ya 510 kwa jumla, zinajazwa kutegemea amempiga nani, na kwa hadithi ya kawaida huna sababu ya kuzihesabu.

Watu huniuliza kwa nini nisicheze Sword au Shield za 2019, ambako wote sita wanapata pointi kila pambano na huwezi kuzima. Nimezicheza. Usawa upo, tena bila jasho. Ila nilimaliza nikiwa na Pokémon wa levo za juu ambao sikujua wanaweza nini, maana hawakuwahi kupigana. X na Y za 2013 zilikuwa na busara zaidi: waliopigana wanapata zote, waliokaa wanapata nusu, na swichi ya kuzima ipo mkononi mwako. Hiyo ndiyo ningeitaka HeartGold.

Naipa nyota nne kati ya tano, na ile moja imepotelea Mt. Silver, mlima wa pambano la mwisho. Pidgeot wa Blue, kiongozi wa nane wa Kanto (eneo la pili la gemu), ana levo 60. Anayefuata ni Red, mpinzani wa mwisho kabisa, na Pikachu wake ana 88. Katikati ya hao wawili hakuna pazuri pa kulelea timu ya sita kuliko kurudi kwa Elite Four, wale wanne wanaomtangulia Lance, tena na tena. Dragonite mkubwa wa Lance wa mara ya kwanza hutoa pointi 2,335, wakati Noctowl kutoka 50 hadi 51 anataka 7,651. Baada ya beji 16 Elite Four wanaongezwa levo, mambo yanakuwa afadhali, lakini bado ni kazi. Hapo mimi huwachagua watatu wa kumkabili Red na kuwaacha wengine wapumzike.

Ukinunua iliyotumika, uliza kama Pokéwalker imo, maana mara nyingi vimeshatengana. Na iinue kadi kwenye mwanga: ile halisi ina plastiki nyeusi inayopitisha mwanga kidogo, kwa sababu ndani yake kuna infraredi ya kuwasiliana na kikasha hicho. Ya kijivu ya kawaida iache dukani.