Feni ya bomba ya inchi 8 kwa chumba cha seva AC ikifa

Kwa vyumba vidogo vya seva hapa Kampala, feni hii ni msaada wa kweli, ila haipozi. Inasukuma joto nje tu. Mashine za jumla ya wati 2,000 zinahitaji takriban mita za ujazo 700 za hewa kwa saa ili hewa itoke ikiwa na joto lililozidi la nje kwa nyuzi 10. Boksi likiandikwa 800, usiamini: bomba lenye kona mbili na chujio la vumbi hupunguza sana. Ifunge juu nyuma ya raki (kabati la seva), tundu la kuingiza hewa liwe chini mbele. Tundu likiwa dogo, feni inavuma bure. Iunganishe na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika). Februari mchana, nje nyuzi 29, zima kwanza mashine zisizo za lazima.