Semina ya "Kiasi Kinachotosha": Aguri na Nehemia wamefundishwa vyema, utoaji umepitishwa juu juu

Semina nyingi za fedha zinazoandaliwa na makanisa ya Dar es Salaam hutambulika tangu kwenye tangazo: ahadi ya milango kufunguliwa, picha ya gari jipya, na Malaki 3:10, aya ya zaka na madirisha ya mbinguni, kwa maandishi makubwa. Hii ninayoieleza, inayoendeshwa na usharika mmoja wa Kilutheri kwa Jumamosi mbili mfululizo, ilitangazwa kwa karatasi ya kawaida iliyobandikwa ubaoni, yenye kichwa cha habari "Kiasi Kinachotosha" na ada ya shilingi 10,000 inayojumuisha kablasha, chai ya saa nne na chakula cha mchana. Nilitaka kuona kama inawezekana kufundisha kuridhika bila kuwaambia watu wasio nacho wanyamaze. Kwa sehemu kubwa nimeona kwamba inawezekana.

Mwezeshaji ni mhasibu mstaafu, mama mtulivu anayesoma aya nzima badala ya kuchukua kipande kinachomfaa. Kipindi cha kwanza alikijenga juu ya sala ya Aguri bin Yake katika Mithali 30, "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu," kisha akaendelea hadi kwenye sababu zake, ambazo wahubiri wengi huziruka: mtu akishiba mno anaweza kumkana Mungu, na akiwa maskini mno anaweza kuiba. Kwa hiyo Aguri haupambi umaskini. Anauogopa kama anavyouogopa utajiri, na kwa mkazo huo peke yake kipindi kile kilitofautiana na mahubiri mengi niliyowahi kuyasikia juu ya kuridhika.

Ndipo ikagawiwa karatasi ambayo kwangu ndiyo ilikuwa thamani halisi ya semina. Kila mmoja alitakiwa kuandika "kadiri" ya nyumba yake kwa mwezi: unga, mchele, mafuta ya kula, gesi, umeme, nauli, ada za shule, matibabu, zaka, na michango ya harusi, mstari ulioufanya ukumbi mzima ucheke kwa sauti ya watu waliobanwa. Dada aliyeketi karibu nami, ambaye ni mama lishe, alifuta mstari wa kodi mara kadhaa, kwa sababu mwenye nyumba wake hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na karatasi haikuwa na nafasi ya gharama inayokuja kwa namna hiyo. Mwezeshaji alimwelekeza agawe kwa sita na fedha hiyo aiweke kando kila mwezi kwenye kikundi chake cha kuweka na kukopa. Ushauri huo ni sahihi, ingawa karatasi yenyewe inahitaji kurekebishwa, kwa kuwa idadi kubwa ya wapangaji wa jiji hili huishi hivyohivyo.

Kipindi cha Mhubiri kiliwekwa baada ya chakula cha mchana, saa mbaya kwa kitabu kizito. Aliposoma kwamba "usingizi wake kibarua ni mtamu", kijana mmoja aliyejitambulisha kuwa hubeba mizigo Kariakoo alisimama akasema, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba yeye hulala kwa uchovu tu, na kwamba kuna siku hulala akiwa hajalipwa. Shikamoo yake kwa mwezeshaji ilitangulia, na jibu la mwezeshaji halikumkemea. Alifungua Yakobo 5:4, panaposema kwamba ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiliwa kwa hila, unapiga kelele, halafu akarudi 1 Timotheo 6 kuonyesha kwamba sura ileile inayosema "utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa" inawageukia pia matajiri na kuwaagiza wasijivune, bali wawe wepesi wa kushiriki mali zao na wengine. Ningependa majadiliano hayo yapewe saa nzima. Yalikatwa ili ratiba isichelewe.

Juu ya Paulo sitasema mengi. Ilikuwa vizuri kukumbushwa kwamba "Nayaweza mambo yote", maneno yanayobandikwa kwenye vioo vya daladala, yaliandikwa na mfungwa aliyekuwa akiwashukuru Wafilipi kwa msaada waliompelekea kwa mkono wa Epafrodito, na kwamba mambo anayoyasema hapo ni kushiba na kuona njaa. Hayana uhusiano na kushinda zabuni.

Jumamosi ya pili ilianza na Nehemia 5, na hapa semina ilifikia kilele chake. Watu wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wanatiwa utumwani. Nehemia, liwali wa Yuda, ambaye yeye mwenyewe na ndugu zake nao walikuwa wamekopesha fedha na nafaka, anawataka wakubwa warudishe mashamba na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Mwezeshaji aliandika ubaoni asilimia 1 hiyo, pembeni yake akaandika 3.5, ukomo wa riba kwa mwezi uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania kwa wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, kisha akawauliza washiriki wenye mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, wao hutozwa ngapi. Hakuna aliyelazimishwa kujibu, lakini waliojibu walitaja viwango vilivyofanya hata 3.5 ionekane huruma. Alimalizia kwa kueleza kwamba Nehemia hakula posho ya chakula cha liwali kwa miaka 12 kwa sababu watu walikuwa wamelemewa. Sijawahi kusikia mafundisho ya kuridhika yakianzia kwa kiongozi na posho yake, na nadhani huko ndiko yanakopaswa kuanzia mara nyingi zaidi.

Baada ya hapo kipindi cha utoaji kilikuwa anguko. Kiliendeshwa na mwalimu mgeni aliyesoma Malaki 3:10, akazungumzia kupanda mbegu, na bahasha zikapitishwa kabla ya swali lolote. Kumbukumbu la Torati 14, ambako zaka ya kila mwaka wa tatu inawekwa kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane ili wale washibe, halikutajwa kabisa, wala Zakayo aliyetoa nusu ya mali yake kwa maskini bila kuahidiwa kurudishiwa. Kwa mshiriki aliyetoka kukiri deni lake saa moja iliyopita, bahasha ile ilikuja vibaya. Waandaaji wangempa kipindi hicho mwezeshaji yuleyule, ada ya shilingi 10,000 ingekuwa ndogo mno kwa kinachopatikana.

Hata hivyo ninaipendekeza, hasa kwa wanandoa, kwa kuwa karatasi ya "kadiri" ikijazwa na mmoja tu haisaidii sana. Chakula ni cha kutosha na kablasha limechapwa vizuri, isipokuwa kurasa za Mhubiri zimebanana. Afikaye baada ya saa tatu atakaa nyuma karibu na jenereta, na umeme ukikatika hatamsikia mwezeshaji, ambaye hapendi kutumia kipaza sauti.